Mahali Sindano Iliporuka

Kitahana, jioni

Godeliva mwanangu,

Umekwenda kwa mama Neema kusukwa nywele, na ninavyomjua mama Neema hatakuachia mpaka akumalizie umbeya wote wa Kitahana, maana kesho hutakuwepo kuusikia. Basi ninayo nafasi. Nimekaa kizingitini, daftari juu ya paja, jua bado lipo, na yule kuku wako mwekundu ananidonoa kidole cha mguu kana kwamba mimi ndiye ninayekufukuza.

Ya sweta, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwachia mtu mzigo wako stesheni, yote umekwisha kuambiwa na wanawake wa hapa, tena kwa makelele. Siyarudii. Barua hii usiisome ndani ya lori, utatapika, nakujua. Isome kwenye treni ukishapita Uvinza. Nataka uwe umeimaliza kabla hujashuka Tabora, kwa sababu pale atakuwa anakungoja mama yako Skolastika, na mama yako anayo habari ambayo mpaka leo umeisikia kutoka kwangu tu. Ninaogopa, Goda. Naliandika neno hilo mapema lisije likanikwama baadaye. Ninaogopa kwamba ukishamsikia yeye hutaniita baba tena.

Utashangaa kwa nini sikuandika kwa Kirundi. Kirundi chako kimechakaa, unakisema kama mtu aliyeazima viatu. Na mimi mambo haya nikiyaandika kwa lugha yaliyotokea, mkono utagoma.

Habari yenyewe unaijua kwa moyo. Kila uliponiuliza juu ya Evaristi, mdogo wangu, aliyekuzaa, nilikupa ileile. Kwamba vurugu zilipoanza kwetu, askari walipokuwa wakiwakusanya watu waliosoma, alinijia shuleni mbio, akakuweka mgongoni kwangu, akasema, "Mchukue mtoto, tangulieni. Namfuata mama yake. Nakuja." Tukatangulia. Tukavuka mto, tukatokea Nyabibuye, tukangoja, hawakuja. Basi. Ulikuwa unaitaka hadithi hiyo kama mtoto anavyotaka uji, tena ole wangu nibadili neno, ulinisahihisha. "Hapana baba, alisema tangulieni kabla ya nakuja."

Sasa nikukumbushe habari ya santuri, maana wakati ule ulikuwa mdogo na mara nyingi ulisinzia.

Tulipofika Kibondo cheti changu cha ualimu kilikuwa kimebaki ng'ambo pamoja na kila kitu, na hakuna aliyekuwa na haja na mwalimu anayesema Kiswahili cha kupapasa. Nikapata kazi ya udobi hospitalini. Unakumbuka mikono yangu ilivyokuwa ikinuka dawa. Nilifua shuka za wazazi na shuka za waliokufa katika pipa moja, na watu wakaniita Mwalimu kwa kunicheka, jina likanikaa. Daktari wetu wakati ule alikuwa Daktari Shabani, mtu wa Tanga, Mwislamu mwenye swala zake tano, aliyesomea udaktari katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Alirudi na vitabu, koti zito asilopata kulivaa hata siku moja, na gramafoni.

Jumapili moja nilimpelekea shuka zake nilizopiga pasi, nikasikia kitu ndani. Nilisimama mlangoni na shuka mikononi kama mjinga. Ilikuwa piano, mtu mmoja tu anapiga, vidole vyake kumi, hakuna mwimbaji wala ngoma. Kinanda cha kanisani nilikijua, nilikipiga mwenyewe kwetu, lakini hiki hakikuwa kile. Kilianza na wimbo mfupi, mtulivu. Kisha wimbo uleule ukaanza kugeuzwa, mara unakimbia, mara unacheza, mara unajificha chini ya mkono wa kushoto, na mwisho kabisa ukarudi kama ulivyokuwa mwanzo.

Lakini kilichonisimamisha ni kingine. Chini ya zile nyuzi kulikuwa na mtu anaguna. Alikuwa ni mpigaji mwenyewe, anaguna, anavuta pumzi, ananong'ona.

Wewe inanga hukuiona, kwa hiyo nikueleze. Kile kinanda chetu cha ubao na nyuzi, mpigaji haimbi kwa sauti. Sauti kubwa huziua nyuzi. Ananong'ona maneno, na nyuzi ndizo zinazoimba badala yake, nawe unasikiliza kwa kuinamisha kichwa. Hivyo ndivyo baba yako alivyopiga, na hakukuwa na mpigaji kama yeye kilimani kwetu. Hakujua kuandika jina lake, lakini watu walikuwa wakitembea kutwa nzima kuja kumsikia akinong'ona. Nami pale mlangoni kwa Daktari nikamsikia. Shuka zikanidondoka.

"Vipi, Mwalimu, weye mgonjwa?" akauliza Daktari.

Nikamwambia, "Huyu mtu anasema nini?"

"Nani?"

"Huyu anayepiga. Maneno yake ni lugha gani?"

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Hakuna maneno bwana! Anaguna tu. Tabia yake hiyo, wenziwe wamemkataza akashindwa. Keti, sikiza."

Sikumwamini. Kwetu mtu hapigi nyuzi bila maneno, apigie nini? Nikasema moyoni, huyu Mtanga masikio yake yamezoea azana na taarabu, hawezi kusikia kilichonong'onwa. Basi kila Jumapili nilikwenda, wewe ukicheza na vizibo vya chupa sakafuni, nami nimebandika sikio kwenye lile sanduku, natafuta maneno ya mdogo wangu ndani ya pumzi ya Mzungu. Betri zilipokuwa adimu tulizianika juani kama mihogo ili zitoe dakika chache zaidi. Daktari alikuwa akiniambia, "Weye husikilizi muziki, weye unangoja uitwe jina." Nami nilikasirika, maana alisema kweli.

Ule wimbo nikaushika wote. Nikawa naupiga mluzi pipani, nawe ukaushika kwangu. Mama Neema akakukanya, mtoto wa kike hapigi mluzi, anaita nyoka. Ukaenda kuupigia mtoni. Umeupiga mpaka leo asubuhi ulipokuwa ukifunga mzigo. Na kila ukifika mahali fulani, baada ya lile geuzo la haraka linaloteremka, unaruka. Unakata pumzi, unarukia kwenye furaha. Unafikiri wimbo ndivyo ulivyo. Mimi pia nilifikiri hivyo.

Daktari akahamishiwa Kasulu. Haukupita muda mrefu akaniletea salamu kwa dereva: njoo, nimeupata wimbo wetu umepigwa na mtu mwingine. Masista fulani walikuwa wanahama, wakamwachia sanduku la santuri. Tukapanda lori la maharage, wewe na mimi, vumbi mpaka kwenye kope. Utakumbuka Kasulu kwa sababu ya ule mgebuka, samaki wa ziwani, aliotupikia mkewe, ulimaliza ukaomba kichwa cha wangu.

Akaweka santuri mpya. Mwanangu, niliichukia. Mpigaji alikuwa mwanamke, Daktari alisoma jina lake kwenye jalada, na alipiga polepole kama mtu anayepanga mayai kapuni. Hakuguna. Hakuvuta pumzi. Nikainamisha kichwa, hakuna mtu mle ndani. Nikamwambia Daktari, "Huyu hajui. Ameyakata maneno." Akasema, "Ngoja." Tukafika pale mahali, baada ya geuzo la haraka linaloteremka, nami tayari nimeinua kidole nirukie kwenye furaha pamoja naye.

Hakuruka. Akasimama, halafu akaingia chini, mahali penye giza ambapo sikujua kwamba pamo ndani ya wimbo ule. Mkono wa kushoto unakwenda hatua kwa hatua kama watu wanaobeba machela, na wa kulia unaita. Unaita, unanyamaza, unaita tena juu kidogo. Hakuna anayejibu. Ilikuwa ndefu, ndefu mno. Nikasimama nikasema, "Huyu mama ameongeza mambo yake! Wimbo hauna kitu hiki!"

Daktari akaniangalia, akasema taratibu, "Hakuongeza kitu. Santuri yetu ina mkwaruzo. Sanduku lilianguka siku naja huku, sindano inaruka pale. Nami nimezoea mpaka nimesahau kukwambia."

Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta. Mkewe alikuja na chai, sikuipokea, aibu yangu hiyo. Daktari akazicheza zote mbili, ya kwanza na ya pili, tena na tena mpaka betri zikafa, nami nasikiliza kupitia dirishani. Ya kwanza ina pumzi, ina joto, unampenda mpigaji kabla hujajua amekwambia nini. Ya pili ni baridi, haikubembelezi, lakini haikufichi kitu. Na lile la ajabu ni mwisho. Ule wimbo mfupi wa mwanzo unaporudi, katika santuri yetu unarudi mzuri tu, kama mtu aliyetoka sokoni. Katika ile nyingine unarudi baada ya kuwa umepita mule gizani, noti zilezile hasa, wala hakuna hata moja iliyobadilishwa, nami nilishindwa kuzisikiliza. Nikaziba masikio.

Daktari alidhani ninalia kwa ajili ya muziki. Alipohamia pwani alinipa ile yenye mkwaruzo, ndiyo ile iliyotundikwa ukutani juu ya kitanda changu. Gramafoni alikwenda nayo. Watu wanauliza sahani ile nyeusi ni ya nini, nasema ni picha.

Basi mwezi uliopita akaja yule mfanyabiashara wa dagaa, Nikodemu, aliyezunguka mpaka Tabora kwenye makazi ya watu wetu. Ulimwona akicheka nawe, akakupa biskuti, akakwambia mama yako yu hai. Ulipiga yowe la furaha, ukambusu mpaka akaona haya. Kisha alinivuta nyuma ya nyumba. Hakuwa akicheka tena. Akasema, "Mwalimu, Skolastika anasema mtoto aje. Tena kanipa swali, kaniapisha nilifikishe. Anauliza: siku ile mtoni mtoto aliita. Nani alimnyamazisha?"

Nilikuwa sijui kwamba Skolastika alikuwepo. Miaka yote nilidhani aliyeisikia sauti ile ni Evaristi peke yake, na Evaristi hasemi tena.

Sasa nakuja pale sindano inaporuka. Nisomee polepole, Goda, kama yule mama wa santuri ya pili.

Tulitangulia, hilo ni kweli. Tulifika mtoni alfajiri, tukajificha ndani ya mafunjo, maji yakinifika kifuani, wewe umenikumbatia shingo. Tulikuwa pamoja na wengine, wote kimya, tunangoja mtu wa mtumbwi. Askari walikuwa kivukoni, si mbali. Kukaanza kupambazuka. Mtumbwi ukaja, nikakupandisha. Ndipo tukamsikia. Alikuwa ufukweni nyuma yetu, ndani ya mafunjo, hajui tuko wapi. Mtu yule aliyepata sifa ya kunong'ona aliita kwa sauti yote. Hakuniita mimi. Alikuita wewe. "Goda! Goda, mwana wanje!"

Ulimtambua mara moja. Ulijiinua ukasema, "Da..." Ulitaka kusema Data, baba. Nikakuziba mdomo.

Nilikuziba kwa mkono wangu huu wa kulia, mdomo na pua, kwa nguvu. Aliita tena, mara hii kutoka juu kidogo, anapotea, anaelekea upande wa kivuko. Ulinipiga mateke. Uliniuma, kovu unalijua, niliwahi kukwambia ni la mbwa. Aliita tena. Kisha nikasikia sauti za watu wengine, halafu mtumbwi ulikuwa katikati ya mto, nami sikuuondoa mkono mpaka tulipogusa ng'ambo. Ulikuwa umelegea. Nilidhani nimekuua. Ulipozinduka hukulia, wala hukusema neno mpaka mvua zilipoisha, na uliposema hukukumbuka chochote. Nikamshukuru Mungu kwa hilo. Loo, nilimshukuru Mungu!

Ndiyo maana mpaka leo huwezi kuvumilia mtu akushike usoni. Ulimpiga kofi mganga wa meno hospitalini, tukacheka wote. Mimi nilicheka pia.

Nimejitetea sana, nisikufiche. Nilisema nilifanya hivyo kwa ajili ya wale wengine mtumbwini. Nilisema ungejibu tungekwisha wote. Labda ni kweli. Wapo watakaokwambia, hata mama yako huenda akakwambia, kwamba mtu mwingine angefanya vilevile. Lakini mimi nilikuwemo ndani ya mwili wangu, najua nilichofikiri. Sikumfikiria mtu. Nilifikiri: wanatafuta waliosoma, na aliyesoma hapa ni mimi. Evaristi hawakuwa wakimtafuta. Mpiga inanga asiyejua herufi, wangemtakia nini? Walimpata ufukweni akiita mtoto, ikatosha.

Sijui kama ungejibu angeuona mtumbwi. Mama yako anaamini angeuona. Alikuwa naye, akalala matopeni chini ya mizizi ya mafunjo, akasikia nusu ya neno lako ikikatwa. Mwache aisimulie anavyoijua. Yeye alikuwa upande wa ufukwe, mimi upande wa maji, jambo ni lile moja. Atakuwa mkali, hatakubembeleza, hana sababu. Usinitetee mbele yake. Usimwambie "lakini baba alinilea." Kulea nimekulea, hilo halijibu swali lake. Mimi nimekupa yangu kwanza, tangu ukiwa huwezi hata kujifunga kamba ya gauni, ikakukaa sikioni, na lililotangulia sikioni ni gumu kuling'oa. Ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la mtoni. La mtoni lilikuwa la dakika chache. Hili la pili nimelifanya kila ulipouliza.

Nilikuwa na nia ya kukwambia ana kwa ana. Jana ulipokuwa ukipembua maharage nilikaa karibu nawe nikafungua mdomo, ukainua uso ukasema, "Baba, ukinikosa utampigia nani mluzi?" Nikasema nitampigia kuku. Mwoga ni mwoga, mwanangu, hata akizeeka.

Sina cha kukufundisha, ualimu nilikwisha kuupoteza. Nakuomba kitu kimoja tu. Ile habari ya zamani, kabla hujalala kwenye treni, irudie kichwani tangu mwanzo, sasa ukiijua yote. "Mchukue mtoto, tangulieni. Namfuata mama yake. Nakuja." Mimi siku zote nilikusimulia kana kwamba alishindwa kuja. Alikuja, Goda. Alimfuata mama yako akampata, akamleta mpaka mtoni, akafika. Baba yako alitimiza kila neno alilosema. Nimekunyima hilo muda wote huu, nawe ulikuwa unamlaumu kidogo, nilikuwa nakuona, nami nikakuachia umlaumu.

Nakusikia unarudi. Unapiga mluzi njiani, nywele zimekwisha. Umefika pale, umeruka.

Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka Kibondo kwenye lori. Wakati ule hutakuwa umeisoma barua hii, utanikumbatia, utalia, na utanipungia mkono ukiwa juu ya magunia. Nitakubali yote, Mungu anisamehe. Lakini lori likianza kuondoka, ukijisikia kuita, ita. Mwite unayemtaka, kwa sauti yote uliyonayo, hata watu wa soko zima wageuke. Mimi nitakuwa nimesimama palepale barabarani, mikono yangu yote miwili mfukoni.

Tarisisi, kaka yake Evaristi